Cheti Kipya, Mshahara wa Zamani: Tuliyojifunza kwenye Mafaili ya Walimu wa Kando ya Ziwa

Swali la kwanza analoulizwa mwalimu anapofika ofisi ya utumishi na cheti kipya cha shahada kwenye bahasha ya kaki halihusu alichosomea. Anaulizwa, "Mwalimu, barua ya ruhusa unayo?" Akiitoa, faili linafunguliwa. Akinyamaza, au akianza kueleza kwamba mkuu wake alimruhusu kwa mdomo, kila aliyemo chumbani anajua kwamba miaka mitatu ya kukesha na kulipa nauli inaweza kulala kabatini bila kumwongezea hata shilingi.

Tunaoandika hapa tumezoea pande zote mbili za meza ile, upande wa anayeleta bahasha na upande wa anayeipokea, katika halmashauri za Mwanza kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Tukiulizwa kama mwalimu aliyeongeza elimu aongezwe mshahara, jibu letu ni ndiyo. Ila ndiyo hiyo ina masharti, na masharti yenyewe hayaeleweki mpaka mtu aone fedha inavyokwenda.

Mshahara wa mwalimu wa serikali Tanzania unafuata ngazi za TGTS, yaani ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, na elimu ndiyo inayoamua mlango wa kuingilia. Mwenye cheti, yule anayeitwa mwalimu wa daraja la IIIA, huanzia TGTS B. Mwenye stashahada huanzia C, mwenye shahada D. Ukishaingia unapanda kwa utendaji na muda, miaka mitatu au minne kwa daraja moja, kadiri waraka wa wakati huo unavyosema. Kwa viwango vilivyotumika kabla ya nyongeza ya Julai 2022, B1, yaani hatua ya kwanza ya ngazi B, ilikuwa shilingi 419,000, C1 530,000 na D1 716,000. Namba zimebadilika tangu hapo, mwaka 2022 na tena Julai 2025, lakini sura ya ngazi ni ile ile: hatua ya kutoka cheti kwenda stashahada ni fupi, ya kutoka stashahada kwenda shahada ni ndefu zaidi. Ndiyo maana walimu wengi wa stashahada hukimbilia vyuo.

Sasa tuihesabu hatua hiyo ndefu, maana wengi huihesabu vibaya. Tofauti ya 530,000 na 716,000 ni 186,000. Hiyo siyo fedha inayofika mkononi. Kwa makato ya mwaka wa fedha 2021/22, mfuko wa pensheni wa PSSSF ulichukua asilimia 5 ya mshahara, bima ya afya asilimia 3, chama cha walimu asilimia 2, kisha kodi. Kodi ndiyo inayouma, kwa sababu mwalimu anatoka kwenye fungu la asilimia 8 na kuingia kwenye fungu la asilimia 20 kwa kila shilingi inayozidi 520,000 baada ya kutoa mchango wa PSSSF. Ukipiga hesabu yote, mwenye stashahada alibaki na 458,320 na mwenye shahada 592,360. Nyongeza halisi ni 134,040 kwa mwezi. Kama shahada yenyewe aliisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara ghafi, yaani 107,400 kati ya ile 716,000. Kinachobaki cha kuonyesha kwamba amesoma ni 26,640. Ataendelea kupokea kiasi cha namna hiyo mpaka deni liishe.

Hesabu hii inapaswa kufanywa kabla ya kujaza fomu ya chuo. Ikifanywa mapema, mwalimu anajua kama ni nafuu kulipa ada kwa awamu kutoka mfukoni kuliko kukopa, na anajua kwamba mkopo wa benki unaolipwa kwa mshahara utakutana na sheria ya theluthi moja: makato yote kwa pamoja hayapaswi kumwachia chini ya theluthi ya mshahara wake ghafi. Mwalimu aliyekopa benki kujenga, kisha akataka kukopa tena kusoma, hugonga ukuta huo na kuishia kwa mkopeshaji wa mtaani. Hapo nyongeza yote ya miaka miwili ya kwanza inakuwa imeshaliwa kabla haijaja.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unaharibikia kwenye mambo madogo. Mwalimu lazima awe amethibitishwa kazini. Anaandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inapitia kwa mkuu wa shule, kwa mratibu elimu kata, kwa afisa elimu wa idara yake, na ameambatisha barua ya chuo ya kukubaliwa. Jina lake liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kwa hiyo maombi yaende mapema, siyo wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa. Akimaliza, anawasilisha cheti na matokeo kamili ya kila somo, nakala zikiwa zimethibitishwa na wakili au hakimu, pamoja na ile barua ya ruhusa, barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa na ya cheo cha mwisho. Nakala ziende sehemu mbili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza kwanza. Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015 na kuchukua nafasi ya idara ya zamani iliyozoeleka kwa jina la TSD, ndiyo inayoshughulikia cheo. Halmashauri ndiyo inayoshughulikia mshahara kwenye mfumo. Ukipeleka moja ukasahau nyingine, unaweza kupata barua nzuri ya cheo kipya na mshahara ukaendelea kusoma namba ile ile mwezi baada ya mwezi.

Jambo la pili ni jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema jina la babu, cheti cha chuo kinasema jina la ukoo, kitambulisho cha NIDA kina herufi moja zaidi. Zamani karani aliona ni mtu yule yule akasaini. Baada ya uhakiki wa vyeti, ambao taarifa yake ya Aprili 2017 iliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, hakuna tena karani anayesaini kwa kukufahamu sura. Majina yakitofautiana, hati ya kiapo au ya kubadili jina itengenezwe mapema, kabla ya kujiunga na chuo, ili cheti kipya kitoke na jina linalofanana na la kwenye ajira.

La tatu ni kalenda, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishwa kutoka ngazi ya elimu ya zamani kwenda ya elimu mpya, kunahitaji fedha iliyotengwa kwenye bajeti ya mishahara, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya ikama, yaani idadi ya watumishi na vyeo vyao, na ya mishahara huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Mahafali ya vyuo vingi yako Novemba na Desemba. Mwalimu anayesubiri avae joho, apige picha, ndipo alete cheti, mara nyingi hukuta jedwali la ikama limeshafungwa. Anaingia kwenye mwaka unaofuata. Kwa pengo la 186,000 kwa mwezi, kuchelewa miezi 12 ni 2,232,000. Na tofauti na malimbikizo ya mtu aliyekwisha kupandishwa ila mfumo ukamsahau, fedha hii haidaiwi, kwa kuwa haki yake inahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya cheo, siyo tarehe ya mtihani wa mwisho. Dawa yake ni kupeleka taarifa mapema: mwalimu akiwa mwaka wa mwisho, aandike barua kueleza kwamba anatarajia kumaliza mwezi fulani, ili jina lake liingie kwenye makadirio. Matokeo yakitoka, chuo humpa barua ya kumaliza masomo kabla ya cheti. Apeleke hiyo wakati anasubiri cheti.

Kuna pia wanaokutwa na zahama isiyo ya kwao. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, na walimu waliokuwa na barua mkononi wakaambiwa wasubiri. Mwaka ule ulitufundisha kwamba mwalimu asikope kwa matumaini ya barua. Akope, kama ni lazima, baada ya kuona namba mpya kwenye hati ya mshahara.

Tugeukie sasa wale ambao shahada inawarudisha nyuma. Mchukue mwalimu wa cheti aliyeanza kazi mwaka 1998, shule ya msingi, akapanda daraja baada ya daraja. Ana miaka zaidi ya 20 kazini na mshahara wake umeshapita D1 mbali. Anasoma Chuo Kikuu Huria kwa miaka kadhaa, anavuka kwa meli kutoka Nansio kwenda Mwanza kila wakati wa mitihani, analala kwa ndugu Mabatini, anarudi na kufundisha kesho yake. Akibadilishiwa muundo anaingizwa kwenye cheo cha kuanzia cha shahada, pamoja na kijana aliyeajiriwa mwaka huu. Mshahara wake haushuki, unalindwa kama mshahara binafsi. Lakini haupandi pia, mpaka cheo kipya kiufikie. Mwenzake aliyebaki na cheti chake anaendelea kupanda kwenye ngazi ile ile ya zamani na anampita. Tumeona walimu wa namna hii wakiomba cheti chao kisahauliwe, warudishwe walikokuwa. Hatuoni sababu ya haki ya kumfanya mtu ajute kusoma. Nyongeza ya elimu ingekuwa posho inayowekwa juu ya cheo alichonacho, badala ya kumhamisha ngazi, tatizo hili lingekwisha siku moja.

Posho si kitu kigeni. Wakuu wa shule za sekondari hulipwa posho ya madaraka ya 250,000, waratibu elimu kata kiasi hicho hicho, na walimu wakuu wa msingi 200,000, na hakuna aliyelazimika kubadili ngazi ya mshahara ili aipate. Posho ya kufundishia nayo iliwahi kuwepo ikafutwa, na kuirudisha lilikuwa moja ya madai ya mgomo wa walimu wa Julai 2012.

Lakini kabla ya kusema kila shahada ilipwe, tuingie darasa la kwanza kwenye shule ya kijiji cha wavuvi. Watoto 90 au zaidi, kalenda ya mwaka juzi ukutani, vizibo vya soda kwenye ndoo kwa ajili ya kuhesabu. Mtoto anaandika "balua" pale alipoambiwa "barua". Mwalimu asiyejua atampa kosa na kuendelea. Mwalimu anayejua anasikia Kisukuma ndani ya neno lile: lugha ya nyumbani haina r, kwa hiyo mtoto hajakosea kuandika, ameandika sawasawa alichokisikia. Haongezi kazi ya kunakili. Anarudi kwenye sauti. Anamsimamisha mtoto amtazame mdomo, anasema "kalamu", anasema "karamu", anamwonyesha kalamu mkononi na kumsimulia pilau ya harusi, mpaka ulimi upate tofauti, ndipo mkono ufuate. Kazi hii ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, ni ujuzi mzito. Wengi wanaouweza vizuri ni walimu wa cheti wenye miaka mingi darasani.

Mwalimu huyu afanye nini ili aongezewe mshahara kwa haraka? Asome. Kozi zinazopatikana kwa urahisi, zenye ratiba ya jioni au ya masafa, si za kufundisha mtoto wa miaka saba kusoma. Ni historia na jiografia, au uongozi wa elimu. Akimaliza, anaomba kuhamia sekondari, kwa kuwa ndiko masomo yake yaliko, au anahamia ofisini. Darasa la kwanza linabaki na mgeni. Visiwani ni vibaya zaidi, maana Ukara au Irugwa hakuna chuo wala intaneti ya kutegemea, na anayetaka kusoma huanza kwa kuomba uhamisho kwenda Mwanza mjini. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, walimu wa Sengerema na Buchosa bara walipumua, foleni ya kivuko ikaisha. Wa visiwani bado wako kwenye ratiba ya meli na mitumbwi. Nyongeza ya shahada isiyo na sharti inamlipa mtu aondoke pale anapohitajika kuliko pote.

Upande wa pili wa mizani ni maabara ya fizikia ya kidato cha nne. Wanafunzi wamepima volti kati ya ncha za seli huku wakiongeza mkondo, wamechora grafu, na mstari umeshuka badala ya kupanda, wala haukupita kwenye sifuri. Mwalimu aliyeelewa kanuni ya Ohm kijuujuu huwaambia wamekosea, wapime upya. Tumeona grafu sahihi zikifutwa kwa raba. Aliyesoma fizikia kwa kina anauliza mstari umeukata mhimili wa volti wapi. Pale ndipo penye volti kamili ya seli kabla mkondo haujaanza kupita, na mteremko wa mstari ndio ukinzani wa ndani wa seli yenyewe. Grafu iliyofutwa ndiyo iliyokuwa jibu. Mtihani wa vitendo hutoa alama nyingi kwa mambo kama haya, na mwalimu hawezi kuyabahatisha kwa kusoma mwongozo usiku wa kuamkia kipindi. Hapa shahada ya somo lenyewe inafika kwa mtoto moja kwa moja.

Mambo haya mawili yanalingana na yaliyoonekana kwingine. Marekani, ambako ngazi moja ya mshahara inayohesabu miaka na vyeti ilianza Denver na Des Moines mwaka 1921, tafiti za miaka mingi zimeshindwa kuonyesha kwamba shahada ya uzamili ya mwalimu, kwa ujumla wake, inainua matokeo ya wanafunzi. Pale ilipoonekana kusaidia ni hasa kwenye hisabati na sayansi za sekondari, mwalimu akiwa amesomea somo analofundisha. Mwaka 2013 jimbo la North Carolina likaamua kuacha kuwalipa walimu wapya nyongeza ya uzamili. Majirani zetu Kenya, kwa makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, walijenga madaraja juu ya uzito wa kazi badala ya cheti, na walimu wa msingi waliokuwa wamejisomesha shahada wakitarajia kupandishwa wakalalamika kwa uchungu. Tunawaelewa. Kubadili kanuni katikati ya safari ya mtu ni dhuluma, hata kama kanuni mpya ina akili.

Kuhusu uzamili kwetu, maneno ni machache. Muundo wa mshahara wa mwalimu una milango mitatu, na shahada ya pili haina mlango wake. Inafungua kazi nyingine: ukufunzi wa chuo cha ualimu, uthibiti ubora (ukaguzi wa shule), nafasi za elimu wilayani. Anayeisoma ili abaki darasani na aongezwe mshahara ajue hilo kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Tungependa kuona malipo haya yakipangwa hivi. Mwalimu na mwajiri wakubaliane kwa maandishi kabla ya masomo, barua ikitaja kozi, somo, na kiasi kitakacholipwa. Kozi iwe ya kile anachofundisha au cha pengo lililopo kwenye ikama ya shule yake. Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili awe na shahada yake ya elimu ya awali na msingi inayolipwa sawa na ya fizikia, akabaki na watoto wake. Posho iwe juu ya cheo, isimrudishe mtu mwanzo. Malipo yaanze mwezi matokeo yanapotangazwa, na pengo la bajeti libebwe na mwajiri, kwa sababu ndiye aliyetoa ruhusa na alijua tarehe ya kumaliza miaka mitatu kabla. Atakayekubali kubaki kisiwani baada ya kusoma aongezewe juu yake. Hii ya mwisho tunaisema kwa uzito, kwa kuwa shule za Ukerewe zimesomesha walimu wengi ambao sasa wanafundisha Nyegezi na Buhongwa.

Wakati hayo hayajawa, mwalimu alinde karatasi zake. Kila barua itoke nakala mbili, na ile anayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, masjala, mbele yake. Asikubali kuambiwa "acha tu hapo, tutaishughulikia". Piga picha kila ukurasa, ihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe pia, maana simu huanguka ziwani. Hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza baada ya barua isomwe mstari kwa mstari: cheo, ngazi, mshahara ghafi, kisha makato. Cheo kikiwa kimebadilika na ghafi haijabadilika, dai liandikwe mwezi huo huo, likitaja namba ya barua na tarehe yake, na lipelekwe kwa afisa utumishi wa halmashauri, nakala Tume.